Mawe Kumi na Mawili Niliyoyaosha

Ndunge na Kioko, Daktari amesema niwaandikie kabla sijawakabidhi kazi yangu na funguo za chumba cha mawe. Mtamzoea. Akisema "andika kidogo" anataka kurasa kumi, na akisema "andika ukweli" anataka ule unaomfaa yeye. Mimi nitaandika kidogo, na ukweli nitakaoandika ni wangu. Kuanzia Ijumaa ni mstaafu. Nina miaka ishirini na minane. Msicheke. Nilimuuliza Daktari kama mtu anaweza kustaafu kabla ya kuota mvi, akanijibu kwamba anayetoka kazini kwa miguu yake amestaafu, na anayebebwa ndiye amefukuzwa. Mimi naenda chuo cha ufundi huko Kitui, na nitaenda kwa miguu yangu mpaka stendi, kwa hivyo nimepata ile ya kwanza.

Habari za mshahara na za kupandishwa cheo nitaziruka. Za kwanza zingewatia huzuni, na za pili zinatosha sentensi moja: niliingia nikiwa msaidizi, natoka nikiwa msaidizi.

Kazi yenyewe ni hii, na msione aibu kama hamjaielewa, mimi ilinichukua mwaka. Daktari Nzioka amesoma mawe maisha yake yote. Huko kaskazini kabisa ya dunia kuna mama anaitwa Daktari Marit, naye amesoma mawe maisha yake yote. Walikutana wakiwa vijana, mama huyo alipokuja Kitui kuchora ramani za miamba. Siku ya tatu wakaanza kubishana juu ya jambo moja, na mpaka leo ninapoandika hawajamaliza. Wanabishana kwa barua. Barua za karatasi, zenye stempu. Daktari anasema barua pepe ni ya kutangazia matanga na kukumbushwa nenosiri. Ugomvi wa heshima unataka bahasha.

Wanagombania ziwa. Si letu, msianze kufurahi. Ni ziwa kubwa la huko kwa Marit, refu, lenye mikono mingi, na kina chake kinaweza kumeza kilima na msikiti na kanisa juu yake. Zamani sana barafu ililala juu ya nchi hiyo yote, nene kama mlima, ikitembea polepole huku imebeba mawe tumboni. Marit anasema barafu hiyo ndiyo iliyochimba ziwa: mawe yale yalikwangua mwamba kama msasa unavyokwangua mbao, shimo likapatikana, barafu ikayeyuka, maji yakakaa. Daktari wetu anasema hapana. Mwamba ulikuwa umeshapasuka na kuoza wenyewe, kwa joto na mvua za miaka isiyohesabika, kabla hiyo barafu haijafikiriwa. "Barafu ilikuwa mfagiaji," anasema, "si mchimbaji. Ilikuta takataka, ikazoa."

Basi hiyo ndiyo vita. Watu wawili wenye akili zao timamu, kila mmoja na miwani miwili, miaka zaidi ya thelathini, wakiulizana nani alichimba shimo. Na mimi katikati nikipiga chapa. Barafu niliyoijua mimi wakati huo ni ile nyekundu ya kufungwa kwenye nailoni, unang'ata kona unanyonya.

Niliipata kazi hii Mutomo, nikiwa naosha sufuria kwenye hoteli ya Mama Habiba. Familia yake ilikuja kutoka kaskazini mashariki na biashara ya mbuzi, mbuzi wakaendelea na safari, yeye akabaki na pilau. Alikuwa mwalimu wangu wa kwanza wa kazi na hakuwa mpole.

"Kwanza mchanga wa mto, halafu waya," alinifundisha. "Na usizungushe mkono kama mtu anakoroga uji! Upande mmoja. Twende, twende, upande mmoja, ndiyo sufuria ing'ae. Walahi nikiona duara narudisha."

"Lakini Mama, mchele haujui kama umesuguliwa duara."

"Mchele haujui. Mimi najua."

Siku moja akaingia mzee mwenye vumbi mpaka kwenye kope, nyundo kiunoni. Mafua yalikuwa yamemnyang'anya sauti, kwa hivyo akaandika anachotaka kwenye karatasi. Mhudumu akaitazama, akaipeleka kwa Mama Habiba. Mama Habiba akaigeuza juu chini, akasema hiki si Kiarabu, si Kisomali, na kama ni Kikamba basi Wakamba tuna shida. Ikaletwa jikoni kwa mzaha. Nikaisoma bila kusimama: "Chai bila sukari, chapati mbili, na nani hapa anajua mto wenye mawe meupe?"

Si akili. Nyanya yangu alikuwa mgonjwa wa miaka mingi, na kazi ya kumsomea karatasi za hospitali ya misheni ilikuwa yangu. Aliyesoma mwandiko wa madaktari wa watu anaweza kusoma wa daktari wa mawe. Mzee alinitazama kama mtu aliyepiga nyundo mahali pa kawaida akaona kitu kinang'aa. Mto wa mawe meupe niliujua pia, nilikuwa nachota mchanga wa sufuria huko huko. Wiki iliyofuata nikahamia Mukuyuni, nyumbani kwake, na kidato changu cha nne, alama ambazo hakuna aliyeniuliza, na ndoto za kuwa rubani ambazo niliziweka kwenye begi pamoja na shati la pili.

Siku yangu ya kwanza nilishika kile kioo kidogo cha kukuzia nikakisogeza karibu na jiwe, nikiwa nimeinama mbali kama mtu anayeogopa kuumwa. Daktari akaniuliza kama natafuta inzi. Kioo kinakaa jichoni, Ndunge. Jiwe ndilo linaletwa. Na ile chupa ndogo yenye kitone cha asidi si dawa ya macho wala ya kikohozi. Ukitonesha juu ya jiwe jeupe likatoa povu, hilo ni marumaru au ndugu yake. Ukitonesha kwenye suruali ikatoa tundu, hiyo ni suruali yako. Namba inaandikwa kwenye jiwe na kwenye daftari siku ile ile, si kesho. Kesho mawe yote yanafanana.

Mtakachoona kigeni zaidi ni desturi yao ya kuandika. Kabla Daktari hajampinga Marit, lazima kwanza aandike hoja ya Marit vizuri, tena vizuri kuliko Marit mwenyewe alivyoiandika, ndipo ampige. Marit naye hivyo hivyo. Nilipoianza kazi niliona ni upuzi, kama kumnolea adui panga. Mara ya kwanza niliruka kurasa mbili za hoja ya Marit nikachapa matusi peke yake ili kuokoa karatasi. Daktari akaisoma, akairarua polepole, vipande vidogo sana, akaniambia, "Kyalo, sisi si wanasiasa."

Sasa niwaeleze kesi yenyewe, kwa sababu mtaisikia kwa wengine ikiwa imeongezwa chumvi, na haihitaji.

Wazee hawa waliamua kuandika kitabu kimoja, sura ya kwanza ya Marit, sura ya pili ya Daktari, wanafunzi wasome wajiamulie. Walikiita kitabu chao cha mwisho, kwa ile sauti ambayo watu hutumia kusema chai ya mwisho. Sura ya Marit ilisimama juu ya mawe meupe. Ufukweni mwa ziwa lake kuna marumaru kama yale ya Mutomo, na yale mawe yana mikwaruzo, mistari iliyonyooka, inayokwenda pamoja upande mmoja. Marit anasema hiyo ni alama ya barafu: jiwe limeshikwa likakokotwa, halikubingirika. Jiwe la mto hugongwa kila upande likawa duara, halipati mistari. Lakini alitaka kuhakikisha. Akaandika akiomba mawe kumi na mawili ya marumaru kutoka mto wa nchi ambayo barafu haijawahi kufika. Yakikosa mistari, hoja yake imesimama.

Daktari alicheka mpaka akakohoa. "Amekuja mahali penyewe! Huko Mutomo barafu haijagusa hata soda."

Nikatumwa mimi, kwa kuwa mto ni wangu. Nilifanya kazi safi, niwaambie. Nilichagua mawe kumi na mawili kutoka sehemu tofauti, nikayapa namba, nikaandika kila moja lilipokuwa limelala. Shida ni kwamba yalikuwa machafu. Tope lilikuwa limekauka juu yake, mbuzi walikuwa wamepita, na namba saba mbuzi hakuwa amepita tu, alikuwa amesimama kidogo. Nikayatazama kwenye gunia, nikafikiria yakifunguliwa huko Ulaya, kwenye meza nyeupe, mbele ya watu waliovaa makoti meupe, na kwenye kibandiko imeandikwa Kitui. Niliona aibu ya nchi nzima imelala mabegani mwangu. Mabega yenyewe ni haya mnayoyajua.

Nikapita nyuma ya hoteli ya Mama Habiba, nikaomba karai, mchanga na waya wa kusugulia.

"Umerudi kazini?" akauliza.

"Hapana Mama, naosha mawe."

Akayatazama mawe. "Elimu," akasema, akaingia ndani.

Nikayasugua. Kwanza mchanga wa mto, halafu waya. Upande mmoja. Twende, twende. Yaling'aa mpaka nikaona haya kuyafunga. Namba zilifutika, nikaziandika tena kutoka kwenye daftari, uaminifu mtupu. Niliporudi Mukuyuni Daktari alikuwa kitandani na malaria, kwa hivyo nilifunga kisanduku mwenyewe, nikakipeleka posta mwenyewe, nikajipongeza mwenyewe.

Jibu lilichukua miezi miwili. Daktari alilifungulia getini, akasoma akiwa amesimama, kisha akapiga kelele ambayo iliwafanya kuku wa jirani kubadilisha mawazo.

"Mama Mueni! Toka nje! Chinja jogoo!"

Mama Mueni ni mke wake, mimi namwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, na ninyi mwiteni hivyo hivyo. Akatoka na mwiko mkononi. "Nani amekufa?"

"Marit!"

"Woi!"

"Hajafa! Amekubali! Amekubali kwamba amekosea!"

Mwaitu alikaa chini kwenye ngazi. Kati ya hizo habari mbili nadhani kifo kingemshtua zaidi, lakini si kwa tofauti kubwa.

Nilipewa barua niisome kwa sauti. Marit aliandika kwamba kati ya mawe kumi na mawili, kumi na moja yana mistari iliyonyooka kama ya rula. Kama mto wa Mutomo, ambao haujaona barafu, unaweza kuchora hivi, basi mistari ya ziwa lake si shahidi wa kitu chochote. Mwisho aliandika hivi, na nilisoma sehemu hii nikipunguza sauti bila kutaka: "Umeniambia miaka yote hii, nami sikusikia. Nimewaandikia wachapishaji waitoe sura yangu. Wanaanza kuchapa mwisho wa mwezi. Sina tena nguvu ya kuanza upya, na ni haki kitabu kiwe chako."

Ndani ya bahasha kulikuwa na picha za mawe, kubwa, kila mstari unaonekana. Nilizitazama mara moja tu. Mtu huijua kazi ya mkono wake. Mistari ile haikuchorwa na mto, wala na barafu, wala na Shetani. Ilichorwa na waya wa Mama Habiba, upande mmoja, bila duara hata moja.

Andikeni hapo kwamba Kyalo, mstaafu mheshimiwa, alikula jogoo. Nilikula paja.

Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa Daktari alikuwa anaimba nyimbo za kanisa kwenye chumba cha mawe, huyu mtu ambaye kanisani huwa anachezesha midomo tu. Jumamosi alinyoa. Jumapili habari ilikuwa imemfikia mchungaji, naye akaitangaza madhabahuni. "Daudi alitumia jiwe moja," akasema, "lakini Daktari wetu ametumia kumi na mawili, kwa sababu Goliathi wa siku hizi amesoma!" Watu wakapiga makofi. Wamama wawili wakapiga vigelegele. Mzee wa kanisa akanipa mkono, akaniambia amesikia mawe ni mimi niliyeyatayarisha. Nikamwambia ndiyo, niliyatayarisha sana.

Nilikuwa namfikiria yule mama. Sijawahi kumwona, lakini nilikuwa nimechapa majibu ya barua zake kwa miaka minne. Nilijua goti lake la kushoto linauma, na kwamba mbwa wake anaogopa radi. Sasa alikuwa ameketi kando ya ziwa lake akiamini maisha yake yote aliyasoma vibaya, na sababu ilikuwa mimi na usafi wangu. Na huyu mzee wangu, ambaye hajashinda kitu tangu nimjue, hata kesi ya mpaka wa shamba, alikuwa ananyoa ndevu Jumamosi. Nikimwambia, namuua mmoja. Nikinyamaza, namuua mwingine. Na mwisho wa mwezi, siku ya kuchapwa kitabu, ulikuwa Ijumaa.

Jumapili hiyo baada ya chakula nilimsaidia Mwaitu kuosha vyombo, nikashika waya, mkono ukakataa. Nikamwambia yote.

Aliweka sahani chini. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia.

"Uliosha mawe," akasema. "Kyalo. Watu wanakuagiza mawe, unaosha mawe. Na yule mkubwa anaenda kanisani kushukuru."

"Mwaitu, nisaidie kumwambia."

"Mimi? Mimi nimeolewa naye, nitaishi naye mpaka mwisho. Wewe umeajiriwa tu, wewe unaweza kukimbia. Mwambie wewe."

Nilimwambia Jumatatu asubuhi, kwenye chumba cha mawe, nikiwa nimesimama karibu na mlango. Sikupigiwa kelele. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Ulisugua upande gani?"

"Upande mmoja, Daktari. Kutoka kwangu kwenda mbele."

"Nionyeshe."

Kwenye rafu kulikuwa na kipande cha marumaru ya Mutomo cha zamani, hakijaguswa. Nikaleta mchanga, nikaleta waya kutoka jikoni, nikasugua mbele yake kama mwanafunzi anayefanya mtihani wa vitendo. Akachukua kioo cha kukuzia. Akalinganisha na picha ya Marit. Akalinganisha tena. Alichukua muda mrefu sana kwa mtu ambaye alikuwa ameshaona.

"Nani mwingine anajua?"

"Mwaitu."

"Basi mji mzima wa Wote unajua." Akakaa kwenye kisanduku. "Miaka yote nimengoja hiyo barua, Kyalo. Ungenyamaza, ningekufa nikiwa nimeshinda."

"Naweza kunyamaza, Daktari."

"Sasa ndiyo unaniambia!"

Akanifukuza nje. Siku ile nzima na Jumanne alikaa humo peke yake. Mwaitu alimpelekea muthokoi, mahindi yake ya kukoboa na maharagwe, sahani ikarudi imejaa. Jumatano akaniita, akaniambia niketi kwenye mashine, niandike. Alikuwa anataka kumjibu Marit kama kawaida, kukubali ushindi kwa adabu, waya usitajwe. Akaanza kwa hoja ya Marit, kama desturi inavyotaka. Akaisema kwa nusu saa. Barafu inakokota, mto unabingirisha. Kinachokokotwa kinapata mistari, kinachobingirika kinapata duara. Nimechapa barua nyingi za wazee hawa, sijawahi kuisikia hoja hiyo ikisemwa vizuri hivyo. Halafu ikafika zamu yake ya kumpiga, akanyamaza.

"Mbona umeacha kuchapa?" akauliza.

"Umeacha kusema, Daktari."

Akatazama dirishani. "Hoja haina kasoro," akasema. "Kasoro ni waya." Kisha akasimama ghafla. "Barua haitafika kabla ya Ijumaa. Chukua simu."

Mtandao Mukuyuni mnaujua, unapatikana pale kilimani nyuma ya shule, ukisimama juu ya lile jiwe lenye ufa na kutazama upande wa Kalamba. Tulipanda mchana, jua kali, Daktari na fimbo yake, mimi na simu, Mwaitu nyuma yetu na mwavuli, kwa sababu alisema hawezi kukosa. Kwa miaka hiyo yote wale wawili hawakuwahi kupigiana simu hata mara moja. Namba tuliipata chini ya barua zake, kwa herufi ndogo, kama kitu cha dharura ya moto.

"Piga," Daktari akasema.

"Mimi?"

"Nani aliosha?"

Nikapiga. Nilikuwa nimetayarisha Kiingereza changu chote, hakikuwa kingi. Sauti ya mama mzee ikaitika, nikajitaja, na akajibu kwa Kiswahili. Alikuwa amejifunza enzi zile za ramani, kutoka vitabuni, akakihifadhi. Kiswahili chake kilikuwa kimevaa suti na tai. Changu kilikuwa na patipati miguuni.

"Hujambo, bwana Kyalo. Nafurahi mno kuisikia sauti yako. Je, Nzioka ni mgonjwa?"

"Hapana mama, yuko mzima, yuko hapa. Ni mawe mama. Yale mawe niliyaosha."

"Uliyaosha."

"Kwa mchanga na ile waya ya sufuria. Nilisugua sana."

Nikasikia mbwa kwa mbali.

"Kwa nini uliyaosha?"

"Yalikuwa machafu, mama. Niliona aibu."

Nikaanza kulia, siwafichi, hapo juu ya jiwe, Mwaitu akinisogezea mwavuli kana kwamba kilichonipata ni jua. "Mama, barafu yako haina makosa," nikasema. "Usitoe sura. Ni mimi. Ile mistari ni mkono wangu, si mto."

Nilisikia pumzi ndefu ikitoka, ya mtu aliyekuwa ameishikilia tangu aandike ile barua. Kisha akacheka, kidogo kidogo, akaacha, akacheka tena. "Kumi na moja kati ya kumi na mawili," akasema. "Na lile la kumi na mbili?"

"Namba saba, mama. Lilikuwa na mambo ya mbuzi, nikaona kinyaa, nikalimwagia maji tu."

"Namba saba," akarudia, taratibu, kama jina la mtu anayempenda. "Hilo halina mstari hata mmoja. Nililitupa kando, nikidhani ndilo lenye kasoro." Halafu sauti ikabadilika, ikawa ya barua zake. "Bwana Kyalo, tafadhali mwambie Nzioka kwamba ninawapigia wachapishaji sasa hivi. Sura yangu inarudi. Na umwambie kwamba barafu ilichimba."

Nikamgeukia Daktari. "Anasema sura inarudi. Na anasema barafu ilichimba."

Alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, amekubali kushindwa kimyakimya, kwa heshima, kama mtu kwenye picha. Lakini hilo neno la mwisho lilimshinda. Alininyang'anya simu.

"Haikuchimba!" akapiga kelele upande wa Kalamba. "Marit! Ilifagia! Ilifagia tu! Habari yako? Goti linaendeleaje? Ilifagia!"

Walibishana mpaka moto wa simu ukaisha. Watoto wa shule walikuwa wamejaa dirishani, na mwalimu wao pia.

Ilibidi mawe mengine yatumwe, kumi na mawili mapya, ili kitabu kisisimame juu ya jiwe moja lenye kinyesi. Nilirudi Mutomo. Nilipopita kwa Mama Habiba akanitolea karai bila kuulizwa, nikakimbia. Niliyafunga yalivyo, tope na yote, kila moja kwenye gazeti lake, na safari hii Daktari alisimama nyuma yangu mpaka kifuniko kikafungwa.

Posta wanataka kuona kilichomo. Mama wa kaunta alifungua, akafunua gazeti la kwanza, akaona tope. Akafunua la pili.

"Haya ni nini?"

"Mawe, mama."

"Yanaenda Ulaya hivi?" Akawageukia watu kwenye foleni. "Yaani vijana wa siku hizi. Mnatuma mawe Ulaya, hata kuyapangusa kidogo mmeshindwa? Mnataka watuoneje?"

Foleni ikakubaliana naye. Mtu mmoja nyuma akasema hiyo ndiyo shida yetu. Mama wa kaunta, mtu mwema, akatoa leso yake mwenyewe mfukoni, akaitemea mate kidogo, akalishika namba nne. Ndunge na Kioko, sijawahi kumgusa mtumishi wa serikali kabla ya siku hiyo wala baada yake. Nililinyakua lile jiwe mkononi mwake, nikalilalia lile sanduku kwa kifua, shati jeupe la Jumapili, mbele ya watu wote, nikamwomba kwa jina la Mungu apige muhuri tu.

Marit alijibu mapema kuliko kawaida. Mawe kumi na mawili, hakuna mstari. Daktari aliisoma barua mara mbili, akanipa niiweke kwenye faili, akatembea mpaka dirishani na mikono nyuma. Nilidhani anataka kuachwa peke yake, nikaanza kutoka polepole.

"Kyalo."

"Naam, Daktari."

"Huko Mutomo, mito yenye mawe meupe ni huo mmoja tu?"

"Hapana. Iko mingi."

"Mingi," akasema, na nikaona mgongo wake ukinyooka. "Basi lete gunia."